Kitabu cha Nyota Nilichosema Nimekisoma

Hii habari hata mume wangu hajui yote, na kama si ninyi kuwa watu wangu wa miaka mingi nisingeifungua leo, maana mpaka sasa nikipita mbele ya duka la vitambaa masikio yananiwaka kama mtu aliyezabwa kofi. Niliaibika, tena si ile aibu ya kujikwaa barabarani ukainuka ukapangusa sketi ukaenda zako. Niliaibika mbele ya watu zaidi ya ishirini waliovaa nguo zao nzuri, mchana kweupe, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya sabini, nikiwa taipisti kwa wakala mmoja wa forodha pale Busia, msichana wa viatu vya raizoni, vile vya soli nene, na maringo mengi kuliko akili. Kila Jumamosi saa tisa tulikuwa na kikundi cha kusoma, watu kumi hivi, kila mtu na kigoda chake, kwenye chumba cha nyuma cha duka la Mzee Rajabu, yule mzee wa vitambaa. Kitabu kinasomwa kwa sauti, kikiwa cha Kiingereza mtu anakigeuza Kiswahili palepale, halafu tunabishana mpaka magharibi Mzee aende msikitini. Tatizo lilikuwa vitabu. Tulikuwa tunasoma vya kupewa tu, na kile cha ufugaji wa kuku tulikisoma mara mbili (mara mbili, jamani!), mpaka siku moja Mama Zuhura, mwenye hoteli ya chai karibu na maegesho ya malori, akakifunga kwa nguvu.

“Kuku mimi nawajua,” akasema, “na wao wananijua. Nataka kitabu cha kunitoa hapa Busia hata saa moja tu.”

Basi ikaamuliwa tununue kitabu cha mambo ya ajabu, yale yasiyokuwepo, ya kutungwa kichwani. Mimi nikakimbia kuleta orodha ya vitabu ambayo bosi wangu alikuwa ameletewa kutoka Nairobi, na ndani yake kulikuwa na viwili vya namna hiyo, kila kimoja na mistari miwili ya maelezo. Cha kwanza watu wanapanda chombo wanakwenda kwenye nyota ya mbali. Cha pili kuna ufalme fulani ambao mlima wake unaongea. Kikundi kikagawanyika nusu kwa nusu. Wa nyota walisema mtu ameshatua mwezini, redioni tulisikia, kwa hiyo hicho kina ukweli kidogo. Wa mlima walisema ukitaka uongo, chukua uongo kamili.

Ndipo Mama Zuhura akanigeukia. “Wewe Perpetua, si ndiye unakaa na Kiingereza kutwa nzima? Umevisoma hivi?”

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana balaa yote ilitoka hapa. Kiingereza changu kilikuwa cha fomu: magunia ya kahawa, katoni za sabuni, matairi, sahihi ya mwenye mzigo. Hadithi nzima ya Kiingereza sikuwa nimeimaliza tangu shuleni. Lakini wote walikuwa wananitazama, na kutazamwa nilikuwa nakupenda, nikasikia ulimi wangu ukisema, “Cha nyota nimekisoma. Ni kitamu sana.”

Basi. Maneno machache tu. Ningeyameza hapohapo yangekwisha, lakini Mzee Ekisa akauliza, “Sasa hiyo watu wanatafuta nini huko juu?”

Mzee Ekisa alikuwa mfugaji wa upande wa Malaba, Mkatoliki wa msimamo, anatujia na baiskeli yake ile nzito kila Jumamosi, na mtu akitoka mbali namna hiyo huwezi kumjibu sijui. Nikasema wanatafuta maji, kwao kumeingia ukame. Akatikisa kichwa kwa huruma.

“Na ng'ombe? Walibeba ama waliacha?”

“Walibeba,” nikasema.

“Wote?”

“Wale wa maziwa.”

Akafurahi, na mimi nikapata moto. Mama Zuhura alipouliza kama kuna mwanamke, nikampa mwanamke, tena mkubwa wa chombo, wanaume wote wanamwamkia. Baada ya dakika kumi sikuwa na kitabu tena kichwani, nilikuwa na kanisa zima la watu angani na mifugo yao. Wa mlima wote wakahamia kwetu.

Mzee Rajabu alikuwa amesimama mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni. Yeye hakuwa anasoma nasi, na Kiingereza hakujua, lakini binti yake Hadija alikuwa mwanachama. Hadija alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza sekondari, anasubiri kujaribu chuo cha ualimu, na kati ya juma zima pale kwetu ndipo mahali pekee baba yake alipomruhusu kukaa na watu, kwa sababu mji wa mpakani mnaujua, malori na madereva na wabadilisha pesa. Mzee akaniuliza taratibu, mbele ya binti yake.

“Dada Perpetua, hicho kitabu ni kisafi? Hakina maneno mabaya?”

“Mzee, hata mtoto anaweza kukisoma.”

“Nimekuamini,” akasema, akarudi kwa wateja wake.

Tuliagiza nakala nne, bosi akaniletea Alhamisi usiku. Nilipofungua furushi, lo! Juu ya jalada kulikuwa na mwanamume ameshika bunduki ya ajabu, na kando yake mwanamke wa kijani kibichi, na nguo aliyovaa, tuseme tu Mzee Rajabu asingeweza kuuza kitambaa kidogo namna ile. Mtu mwenye akili angesema, jamani, nimekosea, tuchukue cha mlima. Mimi nilifanya nini? Nilichukua karatasi za kaki za ofisini nikavifunga vyote vinne kama madaftari ya shule, na kesho yake nikamwambia Mama Zuhura ni kwa ajili ya vumbi. Nikasema nitakisoma chote kabla ya Jumamosi. Ijumaa malori yalipanga foleni mpaka sijui wapi, nikapiga taipu mpaka vidole vikafa ganzi, na nilipojilaza na kitabu nikafika ukurasa wa tisa, usingizi ukanibeba. Kurasa tisa zote walikuwa wanarekebisha injini. Nikajifariji, watu wa injini hawa, watakuwa na ubaya gani?

Jumamosi naingia pale, nakuta chumba kimejaa. Mzee Rajabu, kwa vile nilimhakikishia, alikuwa amealika wafanyabiashara wenzake waje wamsikie binti yake na wenzake wakisoma. Mama Zuhura kaleta sinia mbili za mandazi. Mzee Ekisa kaja na wafugaji wenzake wawili, mmoja amevaa koti la Misa, na alipowaonyesha mimi nikamsikia anasema, “Ni huyu dada anajua habari ya ng'ombe.”

Nikaketi mbele. Nakala moja yangu, moja ya Mama Zuhura (ambaye alikuwa ameishika juu chini), moja inazunguka kwa wageni, ya nne anayo Hadija.

Nikaanza kusoma na kugeuza. Injini, injini, injini. Wageni wakaanza kupiga miayo, Mzee Ekisa akakohoa kile kikohozi cha kuuliza ng'ombe wako wapi, na mimi nikaona nikiendelea hivi nimekwisha, kwa hiyo nikaacha yaliyoandikwa kitabuni nikaanza kusema yangu, macho kwenye karatasi, nageuza kurasa kwa mpangilio kabisa. Nikawaletea ukame. Nikawaletea yule mama mkubwa wa chombo anahesabu mapipa ya maji. Ng'ombe mmoja akazaa huko angani, na wale wafugaji wakasogeza vigoda mbele, mmoja akauliza ndama ni dume au jike, nikasema jike, wakapeana mikono! Ningewaambia nini, nilikuwa na raha. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mtu anaweza kuwa anafuata.

“Dada Perpetua, samahani.”

Alikuwa Hadija, kidole chake kwenye mstari, sauti ya adabu kabisa. “Nadhani umeruka. Tuko ukurasa wa kumi na mbili, hapa kwangu wameshatua kwenye nyota.”

“Ah, ndiyo, ndiyo,” nikasema, “nilikuwa nafupisha.”

Baba yake akatabasamu, kifua mbele, akawaangalia wenzake. “Basi soma wewe, mwanangu. Wageni wakusikie.”

Nilitaka kusema hapana.  Lakini Hadija alikuwa ameshasimama, akajisawazisha mtandio, akaanza, na jamani yule msichana alikuwa anajua kugeuza lugha! Mimi nilikuwa natafuna maneno, yeye alikuwa anayamwaga kama maji ya mtungi, haraka, wazi, mdomo unakwenda mbele na maana inafuata nyuma.

“Kapteni akajificha nyuma ya jiwe,” akasoma. “Akamwona malkia wa nyota ile anakaribia ziwa. Malkia akatazama kulia na kushoto, akafungua joho lake, likaanguka chini, akabaki kama alivyozaliwa. Akamgeukia kapteni akamwambia, najua uko hapo, njoo uni...”

Hapo maana ikamfikia.

 Nilisikia lori linapiga honi kule kizuizini. Mgeni mmoja alikuwa na andazi nusu mdomoni na akabaki nalo hivyohivyo. Ile karatasi ya kaki ya nakala ya wageni, kwa kushikwa na mikono ya mafuta, ikachagua dakika hiyo kuchanika, na malkia wa kijani akatokeza mzima, na yule mzee wa koti la Misa akafanya ishara ya msalaba. Hadija alikuwa bado amesimama. Hakulia. Alifunga kitabu polepole, akakiweka juu ya kigoda kama kitu cha moto, akamtazama baba yake, halafu akanitazama mimi, na ule mtazamo wa pili ndio nisiousahau, maana haukuwa wa hasira. Alikuwa ananiuliza kama ni yeye aliyekosea kutafsiri.

Nilitakiwa kusema hapohapo, si yeye, ni mimi. Sikusema. Nilitazama raizoni zangu.

“Hadija, nenda nyumbani,” baba yake akasema. Wageni wakaondoka mmoja mmoja. Mama Zuhura akakusanya sinia zake bila kunitazama, na Mzee Ekisa, mtu wa Mungu, akaniinamia akasema kwa sauti ndogo, “Pole, dada. Lakini ile ndama ilikuwa nzuri.” Nikalia njia nzima.

Jumapili sikwenda kanisani. Jumatatu saa sita nikaomba ruhusa ofisini, nikaenda dukani. Kulikuwa na wanawake watatu wanachagua khanga, nikajiambia ngoja watoke, halafu nikajua kwamba wakitoka na mimi nitatoka. Nikasema mbele yao.

“Mzee, kile kitabu sikukisoma. Nilidanganya tangu siku ya kwanza. Hadija hakukichagua, hakujua kilicho ndani. Jalada nililificha mimi.”

Wale wanawake wakaacha kugusa khanga. Mzee Rajabu aliendelea kukunja kitambaa, kona kwa kona.

“Malkia asiye na nguo si kitu kilichoniuma,” akasema. “Nimekaa mpakani miaka mingi, nimeona zaidi. Mimi nilikuuliza wewe, binti yangu akisikia. Jumamosi amekuja nyumbani ananiambia, baba, labda Kiingereza changu kibovu, labda nimesoma vibaya. Siku mbili hali chakula vizuri. Anataka hata kuacha ile habari ya chuo.”

 

Akakunja kona nyingine. “Na alisoma vizuri?”

“Nini, Mzee?”

“Kiingereza mimi sijui. Alivyokigeuza, ni hivyo kilivyoandikwa?”

“Kila neno, Mzee. Hakukosea hata moja. Mimi siwezi kufanya vile, na ofisini kwetu hakuna anayeweza.”

Mzee akaweka kile kitambaa chini. “Kila neno,” akasema, lakini si kwangu. Akapaza sauti kwenye mlango wa nyuma, “Hadija! Njoo hapa usikie!” Akanifanya niyarudie yote mbele yake, uongo na kaki na kila neno, na wale wateja watatu walisikiliza mara ya pili bila kuona haya.  Hadija akasema, “Kwa hiyo hakukuwa na ng'ombe?”

“Hakukuwa.”

Akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakatikisika, na nikajua anacheka.

Chumba tulifungiwa Jumamosi nne, na hiyo ilikuwa haki yetu. Tulipofunguliwa kulikuwa na sharti moja: kitabu anachagua Hadija, na haletwi mtu kukisikiliza mpaka yeye awe amekisoma mwanzo hadi mwisho peke yake. Akachagua kile cha mlima, akakaa nacho majuma mawili, akaja na daftari la maneno magumu, akatusomea miezi mitatu, na baba yake akihamisha kiti chake Jumamosi hadi Jumamosi, kwanza mlangoni, halafu hatua moja ndani, mwishowe katikati yetu. Mwaka uliofuata akaenda chuo. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliombebea sanduku mpaka stendi, na sikustahili.

Sasa ninyi mnanicheka kila siku kwamba eti Perpetua na miwani yake hajui vitabu vinavyozungumzwa na watu. Chekeni. Mtu akiniuliza nimekisoma, najibu bado. Hata zikiwa zimebaki kurasa mbili, najibu bado.