Mboga za Macho ya Hhando

Antonia wa Oldeani hakuwa mtu wa kukaa kusubiri balaa limfuate jikoni. Siku daktari wa macho mjini Karatu alipomwambia mumewe, Hhando, kwamba ana presha ya macho, kwamba jicho la kushoto limeshakufa na la kulia lisipotiwa matone kila siku litalifuata, yeye alirudi nyumbani akashika jembe. Kando ya mibuni akapanda karoti, mchicha, mnafu na maboga ya kula majani. Tangu enzi za kunyonyesha alisikia kliniki kwamba mboga hujenga macho. Ni kweli hujenga. Ila hakuna aliyemwambia kwamba haziponyi kila ugonjwa wa macho.

Hhando alikula. Mtu wa ugali na maziwa ya mgando, sasa majani asubuhi, majani mchana, majani jioni, mpaka akamtania mkewe, "Mama Goodness, mwisho utanifunga kamba pamoja na mbuzi." Wakacheka. Kicheko kilikuwa kimeadimika katika nyumba ile.

Kisha huko mnadani Antonia akamkuta kijana mwenye kipaza sauti, anauza vidonge vya kijani vya mlonge na karoti. "Mama, hii ni asili tupu! Matone ya hospitali yanalichosha jicho, hii inalilisha!" Antonia akanunua, na Hhando akaanza kuvimeza. Matone yalikuwa yakimwasha Hhando mpaka anabubujikwa machozi, na yeye alikuwa amechoka kumtesa mumewe. Lakini hakuwa mjinga. Kabla ya kuacha matone alitaka kwanza kuhakikisha kwamba vidonge vinafanya kazi.

Pale kwao kipimo cha macho ni kahawa. Mzee akianza kuacha punje mbovu kwenye buni, majirani husema macho yake yamekwisha. Antonia akamwekea Hhando ungo wa buni mapajani, barazani, jua likiwaka. Hhando alikuwa amechambua kahawa ya mashamba makubwa tangu ujana wake. Akatoa mbovu zote, hakubakiza hata moja.

"Unaona vizuri, Baba Goodness?"

"Naona. Hata rangi zimerudi."

Antonia akapiga vigelegele peke yake. Matone yakawekwa kabatini yakasahaulika. Kila mara alipopata wasiwasi alileta ungo, na kila mara Hhando alifaulu.

Hata siku moja binti yao Goodness akaja kuwaonyesha mtoto wake mchanga. Akamnyooshea baba yake ampakate. Mikono ya Hhando haikuinuka. Alitabasamu tu, amegeukia mlangoni, akisema, "Mlete basi, mlete mjukuu wangu." Mtoto alikuwa mbele ya kifua chake.

Walipomrudisha Karatu, daktari hakugomba, na hilo lilimuuma Antonia zaidi. Alisema mshipa wa jicho umekufa na haurudi. Mboga aendelee kula, ni chakula kizuri, lakini kilichokuwa kinalilinda lile jicho ni matone.

Walipofika nyumbani Antonia akauliza, "Na buni ulikuwa unachambuaje?"

"Kwa vidole. Mbovu ni nyepesi, na iliyotobolewa na wadudu inakwaruza."

"Kwa nini hukuniambia, Baba Goodness? Tungerudi kwenye matone!"

"Niliposema naona, ulianza kuimba jikoni. Ulikuwa hujaimba tangu tutoke kwa daktari. Nikajiambia nitakwambia kesho. Kesho nikakusikia unaimba tena."

Antonia angeona afadhali atukanwe. Angekuwa na wa kumjibu, angekuwa na pa kupeleka hasira. Sasa alibaki na mtu aliyetoa jicho lake la mwisho ili yeye asihuzunike, na hakujua mzigo kama huo mtu anaubebaje.

Mchana ule alimpikia mnafu, maana hakujua namna nyingine ya kumwomba radhi. Akamshika mkono akamwonyesha bakuli lilipo, kisha akaketi mbele yake akalia bila sauti, bila hata kujifuta. Hhando akatafuna taratibu, akameza, uso ukamchangamka.

"Leo umepatia kweli, Mama Goodness. Chumvi imekolea vizuri."

Antonia akaonja. Hakuwa ametia chumvi kabisa.