Sukari Iliyopanda Mlima

Tope la ndiva lina harufu yake, na aliyekulia Upare hawezi kuichanganya na nyingine. Ni harufu ya majani yaliyooza, ya vyura, ya udongo mwekundu ulioteremshwa na mvua kutoka mashamba ya juu. Ndiva ni bwawa letu lililochimbwa kwa mikono. Usiku hukusanya maji ya kijito, asubuhi hufunguliwa, na kila kaya humwagilia kwa zamu. Mimi ni mzee wa kanisa, na nina mengi ya kumshukuru Mungu. Hata hivyo, harufu ile ikinifikia, hasira hunipanda kabla ya shukrani. Nimeiombea hasira hiyo miaka mingi. Haijaondoka, na siku hizi nimeacha kuiombea iondoke.

Ilikuwa likizo ya Pasaka, miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena baada ya uhaba mrefu. Sisi tulikuwa tumekulia kwenye foleni za sabuni na uji usio na sukari. Kisha watu wakaanza kusema sasa ni ruksa, na pale Hedaru, kando ya barabara kuu, malori yakawa yanashusha khanga, mafuta ya kupikia na magunia ya sukari nyeupe. Vitu vilirudi, lakini vilirudi kwa mwenye nacho. Masika nayo ilianza vizuri ikakatika, maharage ya mlimani yakiwa kwenye maua. Rafiki yangu Nakijwa alikuwa na bibi aliyeishi peke yake huko juu, na chakula cha bibi mwaka mzima kilikuwa ni maharage yale. Baragumu la msaragambo, yaani kazi ya pamoja, lilikuwa limepigwa: Jumamosi ndiva izolewe tope. Kaya isiyotoa mtu hukosa zamu ya maji. Bibi magoti yalikuwa yamemgomea, na mtoto wa darasa la sita alihesabiwa mtu, mradi jembe lisimshinde. Nakijwa akaenda kwa niaba yake. Mimi na Zakaria, ambaye baba yake alitoka mbali kuja kukata mkonge huko bondeni, tukamsindikiza.

Tulipopita duka moja pale Hedaru kununua chumvi, mwenye duka alituuliza tunakwenda wapi. Alikuwa mtu mnene mcheshi, aliyekuwa amenunua shamba jirani na la bibi ili alime nyanya za kuuza. Akatupa kifurushi kilichoshonwa ndani ya gunia, akasema, "Mpeni msimamizi wa ndiva, anajua. Mwambieni mkono mtupu haulambwi." Tulicheka, tukadhani ni salamu za kikubwa. Tulikipokezana kichwani mlima mzima. Njia ile ilipanda kama ngazi iliyovunjika: mawe yaliteleza chini ya miguu mitupu, miba ilishika magauni, na kila kona uwanda ulizidi kuwa mpana nyuma yetu, mashamba ya mkonge yakionekana kama mkeka wenye milia. Hewa ilianza kuwa baridi, migomba ikatokea, maji yakasikika yakitiririka mferejini. Zakaria alitoboa gunia kwa kidole, akalamba. "Sukari," akasema. "Mama Mchungaji, iombee isipungue." Hilo ndilo jina walilonitania nalo, kwa kuwa nilikuwa najua aya nyingi za Biblia kuliko majibu ya hesabu. Tuliafikiana kwamba ilikuwa sukari ya chai ya wachimbaji, na tukamsifu mwenye duka kwa ukarimu wake. Nakijwa alikataa hata kulamba, asije akawapunja watu.

Tulipofika tulimkabidhi msimamizi kifurushi chake, kisha tukachimba. Tope lilitufika mapajani, wanaume wakiimba na akina mama wakipokezana karai. Zakaria, ambaye hakuwa na shamba wala babu katika mlima ule, alizoa kuliko sisi wote. Jua lilipoinama tulipewa chai, tamu kupita kiasi, na bibi akaja taratibu na fimbo yake kusikiliza zamu. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba huku akitufuta tope usoni kwa upande wa khanga. Zamu yake ilikuwa ya kwanza Jumatatu, ndiva ikiwa imejaa, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa mmoja wa waliolichimba bwawa lile. Msimamizi akasimama, akataja majina. Jumatatu asubuhi ikaenda kwenye shamba la mwenye duka. Bibi akapewa jioni, maji yakiwa yamebaki ya kunywesha kuku.

"Mwanangu," bibi akasema, "shamba lile limemtoa nani leo?"

"Mama, wapo wanaochangia kwa jembe, wapo wanaochangia kwa namna nyingine. Nyakati zimebadilika. Wewe ni mtu wa sala, unajua subira huvuta heri."

"Subira ninayo," bibi akasema. "Maharage ndiyo hayana."

Watu wazima wote waliangalia vikombe vyao. Zakaria akaninong'oneza, "Kumbe ile sukari tulikuwa tumembebea yeye msimamizi." Bibi akakiweka kikombe chake chini kikiwa kimejaa, akageuka kwenda nyumbani. Na msimamizi, bila haya, akatuomba tusimame tufunge kwa sala. Nilifumba macho kama wengine, lakini amina haikutoka.

Maua ya maharage yalipukutika wiki ile ile. Mavuno ya bibi yalienea ungo mmoja. Kabla ya vuli alishushwa bondeni kuishi na wanawe, akafa akiwa anatazama mlima kutoka mlangoni. Shamba lake lililimwa nyanya.

Mwaka jana nilipanda tena huko, safari hii kwa bodaboda, kwa barabara mpya. Njia yetu ya miguu imemezwa na vichaka. Ndiva imejengewa saruji, ina kamati na ina lango la chuma, na juu yake kuna bomba nene linaloelekea mashamba ya watu wasiojua hata baragumu linalia vipi. Akina mama wenye mashamba chini ya ndiva walikuwa wamekaa upande mmoja, tope likiwa limekauka miguuni mwao. Mwenyekiti, kijana mwenye adabu, aliniamkia, akasema wameniita nifungue mkutano wa zamu za maji kwa sala na niwakumbushe akina mama hawa habari ya subira.

Nimefundisha subira maisha yangu yote. Mungu amenivumilia nami najitahidi kuvumilia. Lakini sijasoma popote kwamba subira ni kifuniko cha kufunikia maji ya mwenzako. Nikamwambia, "Mwanangu, gaweni zamu kwanza, nisikie. Nitaomba baadaye." Nikaketi upande wa akina mama.