Nilimsamehe Bibi Koku kwa Kosa Langu Mwenyewe

Aliyetutumia kisa hiki ni mama wa Muleba. Jina lake tunalo sisi tu, na ya wengine ameyabadilisha.

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka hamsini na mbili, ni mjane, nalima, na nina binti mmoja aliyepanga chumba Kashai, Bukoba. Visa vya humu huwa nasoma vyote, na kwenye maoni mimi ni wa kwanza kuwasema watu, tena kwa ukali. Leo ni zamu yangu, nisemeni. Tangu juzi Jumanne situlii. Naanza kupalilia naacha katikati, nafagia uwanja niliokwisha kuufagia.

Mnyauko wa migomba ulipoingia kitongojini kwetu, majani yaligeuka njano, ndizi zikawa zinaiva kabla ya kukomaa, na ukikata shina linatoa usaha. Dawa hakuna, ni kung'oa. Nani anataka kung'oa chakula chake? Nikajitolea. Tulikuwa wanawake sita, hatulipwi na mtu, tunapita kibanja hadi kibanja, kila shamba la migomba, kufundisha watu wachome panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine, na palipougua tunang'oa. Nilitukanwa, kuna mzee alinifungulia mbwa. Wakanibandika jina la Kamanda. Lakini mnyauko ulipungua kweli, na Jumamosi hii ofisi ya kata inanipa tuzo ya uongozi wa kujitolea, uwanja wa shule, mbele ya watu wote.

Nina jirani, nimwite Bibi Koku, ana umri wa mama yangu. Kibanja chake kiliugua karibu chote. Tulipofika kwenye mgomba wa mwisho aliukumbatia, akanisihi kwa kuchanganya na Kihaya, "Mwana wange, waitu, huu niachie. Aliupanda mume wangu." Nikamjibu, "Bibi, ugonjwa hauulizi nani alipanda." Nikaung'oa kwa mikono yangu. Watu walinisifu kwa msimamo wangu, na mimi nikajisikia.

Sasa sikieni. Kwangu, pembeni ya kaburi la marehemu mume wangu, kulikuwa na shina alilolipanda yeye. Liliugua mwezi uleule. Sikuling'oa. Kila jani la njano lilipotokea nililikata nikalifukia, halafu nikajiambia limepona. Nilichomkatalia Bibi Koku nilijiruhusu mimi, na wale wenzangu watano hawajui mpaka leo.

Muda wa kusubiri ugonjwa uishe ardhini ulipopita nilimpelekea miche mitano ya kuanzia upya. Niliibeba mwenyewe kichwani, wenzangu wakipiga vigelegele. Niliichimba kibanjani kwangu, miwili kati yake karibu na lile kaburi. Ilionekana mizima. Nyumba nyingine tatu nazo nilizipa miche ya hapohapo.

Jumanne Bibi Koku akaniita nyuma ya jiko lake. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona, ingawa ulikuwa mchana kweupe. "Mwana wange, nimekosa. Miche yako imekuwa njano. Ni panga langu, siku ile nilichoka, sikulichoma. Umenifundisha mara ngapi? Usinitangaze, waitu. Una tuzo yako, nitakutia aibu." Akaanza kupiga magoti. Mzee yule, anipigie magoti mimi! Nikamdaka mikono. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nikafungua mdomo, nikajisikia nikimwambia, "Basi Bibi, yameisha. Nimekusamehe. Nitakuja nikung'olee."

Nimemsamehe, jamani. Mimi, yeye! Akanishukuru, akanifungashia mayai manne. Nilienda nayo nyumbani na mpaka sasa sijayagusa.

Jana nililing'oa lile shina la kaburini. Nililia, lakini moyo haukutulia, maana nilipita kwenye zile nyumba tatu nikijifanya nasalimia, na kwenye moja miche imeanza kuwa njano. Nikisema ukweli, nani atakubali tena kung'olewa mgomba? Wale walionitukana watashangilia, na watu watarudi kuficha migomba yao migonjwa kama nilivyoficha mimi. Nisiposema, Bibi Koku ataenda kaburini akiamini ni uzembe wake, na hiyo miche itaendelea kuambukiza. Binti yangu naye kapiga simu kutoka Kashai: "Mama, gauni lako limeshonwa! Nakuja Ijumaa na wenzangu wawili." Nikamwambia vizuri mwanangu.

Kumbe yote hayo yalikuwa madogo. Leo asubuhi Bibi Koku kaja kwangu anatabasamu. Amechaguliwa kunivisha kitenge Jumamosi na kusema maneno mawili. Kiswahili kinampa taabu, kwa hiyo akakaa kwenye jamvi langu, akaomba nimsikilize nimsahihishe. Akasema polepole, kama mtoto wa shule: "Huyu mama aling'oa migomba yangu yote, nikamchukia. Lakini hakumpendelea mtu, hata yeye mwenyewe."

Akaniangalia, akauliza, "Nimesema sawa?"

Nikamwambia, "Sawa, Bibi."

Sasa hivi yuko kwake, namsikia kwa mbali akiyarudia ili asisahau. Ninyi niliozoea kuwajibu haraka haraka, nami nijibuni haraka: nimwambieje, kabla hajasimama mbele ya watu akasema vile?