Diski Nyembamba kwenye Mteremko wa Sekenke

Hadi leo siwezi kulipita gari la binti yangu likiwa limesimama bila kuinama kuchungulia gurudumu la mbele. Napitisha ukucha ukingoni mwa diski ya breki, kutoka katikati kwenda nje, nitafute kama kuna mdomo uliosimama pale pedi zinapoishia. Majirani wa Ipuli wameshanizoea. Binti yangu husema namchungulia gari kama mganga anayetazama koo la mtoto. Simlaumu. Siku ile tuliposhuka Sekenke alikuwa mchanga, hata kitovu hakijakatika vizuri, na hakuna anachokikumbuka.

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa karani wa ugavi katika chama kimoja cha wakulima wa tumbaku. Nilikuwa nimemaliza sekondari na nina leseni, kwa hiyo nilikabidhiwa gari la wagoni la Kifaransa la kwendea vijijini kukagua mabani ya kukaushia tumbaku, Goweko na kwingineko. Breki zake za nyuma zilikuwa za ngoma, kama za malori tuliyoyazoea. Za mbele zilikuwa za diski: sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na pedi mbili zinazoibana ukikanyaga. Wengi wetu hatukuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Na vipuri vyake havikuwapo. Uliomba, ukaambiwa usubiri meli. Meli ikija, ukaambiwa usubiri treni. Treni ikija, ukakuta limeletwa boksi la kitu kingine.

Fundi wetu alikuwa Mzaramo mwenye karakana Gongoni, mtu mnene mwenye sauti ya kuita feri, aliyekuja Tabora kijana akaoa huku na hakurudi tena pwani. Mimi ni Mnyamwezi. Kwa hiyo tulikuwa watani, tangu babu zangu walipokwenda pwani na misafara, wamebeba pembe, wakafikia kwa babu zake. Mtani wako anakutukana mbele ya mkeo nawe unacheka. Anakamata kuku wako na kwenda naye. Ukifa, yeye ndiye anayelala ndani ya kaburi, agome kutoka mpaka ndugu zako wampe chochote. Huruhusiwi kumkasirikia. Jambo ambalo sikuwahi kulifikiria ni kwamba ukishamzoea hivyo, huwezi tena kuliogopa neno lake.

Mara ya kwanza tulipokereza diski zile tulikuwa na haki. Usukani ulikuwa unatetemeka nikikanyaga breki, maana chuma kilikuwa kimepinda kidogo kwa joto. Alizifungua, akazifunga kwenye kerezo lake kuukuu, akazipunguza pande zote mbili sawasawa mpaka zikang'aa. Zilikuwa bado nene. Gari likatulia kama jipya.

Mara ya pili ilikuwa uzembe wangu. Pedi zilikuwa zimekwisha, nasikia chuma kikisaga chuma njia nzima, nami nikajiambia nitazibadilisha mwisho wa msimu wa masoko. Mwisho wa msimu ulipofika, diski zilikuwa na mifereji unayoweza kulaza kijiti cha kiberiti ndani yake. Tukakereza tena, ikabidi tule chuma kingi ili mifereji iishe.

Ndipo nikapata habari kwamba mke wangu amejifungua. Ilikuwa mimba ya kwanza, na kwa desturi alikuwa amekwenda kwa mama yake Igunga. Uchungu ulipokuwa mgumu wakampandisha Iramba, hospitali ya wamisheni iliyo juu ya mlima, na mama yake akafuatana naye. Sasa walikuwa wameruhusiwa. Mkubwa wangu alinikubalia nikawachukue kwa gari la chama. Lakini usukani ulikuwa umeanza tena kutetemeka, na uso wa diski ulikuwa na madoa ya buluu, yale yanayotokea chuma kikiungua.

Fundi alizitoa, akaziweka juu ya meza. Mimi mwenyewe nilimsomea namba iliyopigwa kwenye chuma, ile ya unene ambao diski haipaswi kushuka chini yake. Tulipima. Tulikuwa tumeshaufikia unene huo, kabla hata ya kukereza.

"Mtani," akasema, akiinua moja na kuitazama juani, "hii si diski tena. Hii ni chapati. Tena ya mke mchoyo."

Vijana na wateja waliokuwapo wakacheka.

"Kereza," nikasema. "Iache isitetemeke tu. Mpya zikija utazifunga."

"Nikereze, ushuke nazo Sekenke? Haya, simama wima nikupime. Nataka kujua nikate sanda ya urefu gani."

"Mzaramo wewe, ungejua kukata kitambaa usingevaa hilo suruali."

"Babu zako walitembea kwa miguu mpaka baharini na mizigo ya watu kichwani, hawakufa. Wewe umepewa magurudumu unayatafutia kaburi! Basi nitalala humo kaburini mimi, nitoke nikipewa beberu."

Karakana nzima ilikuwa inacheka, nami nacheka kuliko wote. Akakereza. Alipomaliza kufunga gurudumu la mwisho akajifuta mikono kwa kitambaa, akanitazama, akasema taratibu, "Mimi nimesema, lakini."

Niliyasikia maneno hayo. Nikayaweka pamoja na ile sanda na yule beberu, nikaondoka.

Kwenda hakukuwa na shida. Nzega, Igunga, kisha mbuga ya Wembere iliyonyooka kama mkeka, ambako mtu anaweza kuendesha muda mrefu bila kugusa breki. Mlima niliupanda kwa gia. Nilifika hospitalini nikiimba.

Wakati wa kurudi, mama mkwe hakuweza kukaa kiti cha mbele ubavuni pangu. Hilo halikuhitaji kusemwa. Alipanda nyuma upande wa kushoto. Mke wangu alikaa nyuma yangu, mtoto kifuani. Kiti cha mbele tukaweka kikapu na debe la asali.

Sekenke siku hizo ilikuwa barabara ya changarawe. Ukishuka kuelekea Wembere, kushoto kwako una ukuta wa mlima, kulia una hewa tupu na vilele vya miti iliyo mbali chini. Kona ya kwanza nilikanyaga, gari likapunguza mwendo. Ya pili likapunguza kwa kuchelewa, na nikasikia harufu, kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Nikarudisha gia. Diski nyembamba haina mahali pa kuhifadhi joto, na joto lote la kuuzuia uzito wa gari lile, watu, kikapu na asali, lilikuwa linaingia kwenye zile chapati mbili.

"Kuna kitu kinaungua," mke wangu akasema.

"Ni breki tu," nikasema. Naikumbuka ile "tu".

Kona iliyofuata pedali ilizama. Haikugoma wala haikulia. Ilikwenda chini polepole kama mguu unaoingia kwenye tope. Nikaipiga tena na tena. Mbele, barabara ilikata kushoto, na baada ya hapo sikuona kitu isipokuwa mbingu.

Mama mkwe alikuwa kiti cha nyuma, karibu kiasi cha kumgusa. Sikuwahi kumpazia sauti wala kumwamuru kitu. Nilichosema, Mungu anisamehe, ni hiki: "Mwambie mama ashike kwa nguvu."

Na mke wangu, naye amelelewa vilevile, akageuka kwa heshima yote: "Mama, anasema ushike..."

Maneno hayakumalizika. Chuma kilipasuka upande wa mbele kwa mlio mkavu, usukani ukanitoka mkononi, nikaukamata. Nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho. Gari likapungua, lakini halikutosha. Ilikuwa kulia au kushoto. Nilijua nani amekaa kushoto. Nikalielekeza kushoto, likausugua mlima, mawe yakipiga milango kama mvua ya nyundo, mpaka likasimama.

Asali ilikuwa inatiririka kwenye miguu yangu, nami nikadhani ni damu. Sikuthubutu kugeuka. Nilisubiri sauti moja tu, na kwa muda ambao sijui kuueleza haikuja. Kisha mtoto akalia.

Mke wangu alikuwa mzima. Mama yake alikuwa ameegemea mlango, ameshika bega, macho wazi. "Mkwe," akaniita, mara ya kwanza kuniita moja kwa moja, "mtoto yule ni mzima?"

"Ni mzima, mama."

"Basi nitoe, bega limevunjika."

Lori la chumvi liliturudisha hospitalini.

Fundi alikuja baadaye kulivuta gari. Alikwenda mlimani kwanza, akaiona diski iliyopasuka, ndipo akarudi Igunga nyumbani kwa mama mkwe kumpa pole, na kuku mkononi. Alikaa kwenye kigoda mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mtani wa Gongoni?"

"Ndimi."

Mama alingoja. Sisi sote tulingoja. Mtu yule hakusema neno.

"Mbona hutanii?"

"Leo nimeuacha utani Tabora, mama."

"Unanitisha, baba. Mzaramo akinyamaza mbele ya Mnyamwezi, kaja kuzika. Hao waganga wamekuambia nini ambacho mimi sijaambiwa?"

Fundi akautazama mkono uliofungwa shingoni. "Basi nipe huo mkono nikautundike karakana," akasema. "Huna kazi nao."

"Uuchukue, nani atanikunia nazi?"

"Wanyamwezi mmeanza lini kukuna nazi?"

Mama akacheka, kicheko kikamuuma, akashika bega na kuendelea kucheka huku machozi yanamtoka. Mke wangu hakucheka. Alimhamisha mtoto bega hadi bega.

"Mtani," akamwuliza, "mlijua?"

"Nilimwambia."

"Aliniambia," nikasema.

"Alikuambiaje?"

Fundi alimtazama kuku. Hakuna aliyeweza kuyarudia maneno ya sanda mbele ya yule mama.

Diski mpya zilikuja kwa treni, baada ya muda mrefu. Tangu hapo fundi akizungumza nami habari za breki alikuwa anavua kofia kwanza, aiweke mezani, ili nijue hatanii. Tuliendelea kutukanana kwa mambo mengine yote mpaka alipofariki, na mimi ndiye niliyelala kaburini. Mama mkwe aliishi miaka mingi, lakini mkono ule haukuinuka tena kupita bega. Hakuwahi kumfunga mjukuu wake mgongoni bila mtu kumsaidia. Nilikuwa nikimwona akijaribu, nami nikijifanya natazama kwingine.

Juzi ukucha wangu ulikwama ukingoni mwa diski ya binti yangu. Fundi wake amemwambia atazikereza, ni jambo dogo.

"Zimeshakerezwa?" nikamwuliza.

"Mara moja, au mbili. Sikumbuki."

"Apime kwanza. Zikiwa zimefika mwisho, usikereze. Nunua mpya, au liache gari hapa utembee kwa miguu. La sivyo, nitalala mbele ya gurudumu."

Akacheka mpaka akaegemea mlango. Anadhani natania.