Cherehani Iliyolia Msibani

Baba mkwe wangu alikufa asubuhi, na jua halijapanda vizuri wanawake walikuwa wameshatandika mikeka sebuleni na kuniambia nikae. Watu wengine wakifiwa hulia kwanza. Mimi nilitazama ule mkeka nikaogopa. Yule mzee nilimpenda, alikuwa akiniita "mama" tangu siku niliyoingia nyumbani kwao, lakini saa ile sikumfikiria yeye. Nilifikiria miguu yangu.

Miguu yangu haijui kukaa. Nikiwa kazini haina neno, hata nichote maji kutwa nzima. Lakini nikikaa tu, na hasa jua likianza kushuka, kitu huanza kutembea ndani ya mifupa. Si maumivu. Yangekuwa maumivu ningeyaeleza na watu wangenionea huruma. Ni kama siafu walioingia chini ya ngozi wakakosa pa kutokea. Nikiinuka nikatembea, wanatulia, nikikaa, wanarudi. Nyumbani kwetu Kambove, mama yangu alikuwa akinifunga kitenge magotini nikilala, akikaza kama anafunga mzigo wa kuni, na asubuhi kitenge kilikutwa mlangoni.

Kichwa nacho ni ndugu wa miguu. Naanza kufagia uwanja, naona kifungo kimeanguka, naingia ndani kutafuta sindano, njiani nakumbuka nguo zilizo kwenye kamba, na jioni ufagio unakutwa umelala katikati ya uwanja na kuku wanaupanda. Sufuria ngapi za maji ya bukari, ugali wetu, zimekauka motoni mikononi mwangu, Mungu peke yake anajua. Kila nilipounguza moja niliapa kwamba ni ya mwisho, na nilikuwa naapa kwa moyo wote.

Siku hizi kuna majina. Daktari mmoja, nywele zangu zikiwa tayari nyeupe, aliniambia kwamba ni magonjwa mawili yanayopenda kufuatana: la miguu isiyotulia, na la akili isiyoshika jambo moja. Nilicheka mpaka akaniuliza kama niko salama. Mji wetu wa Likasi wakati ule ulikuwa na jina moja tu kwa yote mawili, nalo ni mwanamke asiye na adabu.

Aliyelitumia jina hilo kuliko wote ni shangazi wa mume wangu, dada wa marehemu. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kusikika hadi nyumba ya nne, na katika nyumba za kampuni ya shaba kule Shituru, zilivyobanana, nyumba ya nne ni kama chumba cha pili. Zile zilikuwa enzi za chama kimoja, serikali ikitupangia hadi nguo za kuvaa na majina ya kuitwa. Mimi katika mipango yote ile nilipata faida moja, kucheza. Akija mkubwa fulani, wanawake wa kambi ya wafanyakazi waliitwa uwanjani kuimba na kukata viuno kumsifu Kiongozi. Wenzangu walinung'unika juu ya jua. Mimi nilicheza toka mwanzo hadi mwisho bila kuchoka, na mkuu wa kikundi akanitoa mbele niwe mfano. Shangazi alipoambiwa alivuta mdomo tu.

"Ya kucheza anajua," akasema. "Ya kukaa na bantu hajui."

Miezi michache kabla ya msiba nilikuwa nimeunguza chakula cha wageni wake. Siku hiyo alisema mbele ya wote, mume wangu akiwepo, kwamba nikiwaaibisha tena nitarudishwa Kambove, na mtoto atabaki, kwa sababu mtoto ni wa kwao. Binti yetu ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea. Mume wangu, mtu mwema, mfanyakazi wa kiwanda, aliyekuwa akibishana na mabosi wake bila kuogopa, alitazama viatu vyake. Tangu siku ile sikuwahi kulala bila kumshika yule mtoto.

Kwa hiyo nilipoonyeshwa mkeka nilijua hukumu yangu iko pale. Kwetu, mke wa mtoto wa marehemu hukaa karibu na mjane, miguu imenyooshwa mbele, mpaka maziko yapite. Anayeinuka-inuka hutazamwa: huyu ana nini? Miguu inayotaka kuukimbia msiba ni miguu inayojua kitu kuhusu kifo. Tena nyumba yenye maiti haifanyi kazi. Hakuna kutwanga, hakuna kufagia, hakuna kushona.

Asubuhi ilipita vizuri. Kulia kuna kazi yake, mtu anajitupa huku na huku na hakuna anayemuuliza. Lakini alasiri king'ora cha kiwanda kililia, wanaume waliotoka zamu wakaja kutoa pole na harufu ya asidi nguoni, na wanawake wakapunguza sauti. Pakawa kimya. Na kwenye kimya kile siafu wakaamka.

Nilibana magoti. Nilijifinya paja chini ya kitenge. Nilisali, kisha katikati ya sala nikajikuta nahesabu mistari ya mkeka, kisha nikawaza kama nimefunga mlango wa jiko, kisha nikaona vidole vya miguu yangu vinacheza vyenyewe mbele ya watu wote. Shangazi alikuwa ameketi ananielekea.

"Juu ya nini unatikisika vile?"

"Ni baridi, tantine."

"Baridi? Mu hii joto?"

Wanawake wawili watatu waligeuka. Jasho lilinitiririka mgongoni, shahidi wa uongo wangu. Nilijiona tayari niko kwenye barabara ya Kambove, na kifurushi, bila mtoto.

Hapo mama mkwe, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, alinigusa bega. "Mutoto yangu, enda mu chumba, uniletee kitambaa yangu ya kichwa, ile nyeusi."

Niliinuka kwa haraka iliyopita adabu. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango nyuma yangu, na miguu iliposhukuru, kichwa kikasahau. Nilisimama katikati ya chumba sijui nimekuja kuchukua nini. Kitambaa kilikuwa pale pale kwenye msumari, nilikuja kukiona baadaye. Mimi nilichokiona ni cherehani.

Ilikuwa ya mama mkwe, ya kukanyaga kwa miguu. Aliijulia kwenye darasa la kampuni, ambapo wake za wafanyakazi walifundishwa kushona na kupika keki, na jioni nyingi aliniachia nishone vijinguo vya mtoto. Miguu yangu iliijua kuliko inavyojua njia ya sokoni. Nilikaa kwenye kiti chake ili nikumbuke vizuri kile nilichotumwa. Naapa ni hivyo tu. Sijui nyayo zilipanda lini kwenye kile chuma. Najua tu kwamba siafu walianza kuondoka mmoja mmoja, kifua kikafunguka, na kwa mara ya kwanza siku ile nilipumua.

Kilichonishtua ni kimya. Nyumba nzima haikulia, haikukohoa. Katika kimya kile kulikuwa na sauti moja tu, na ilikuwa inatoka chini ya miguu yangu.

Mlango ulifunguliwa. Shangazi aliujaza wote.

"Bantu bote, mukuye muone! Tuko na mufu mu nyumba, huyu anashona!"

Alikuja akainama juu ya cherehani, akapitisha kidole chini ya sindano. Hapakuwa na nguo. Hapakuwa hata na uzi.

"Unashona nini? Sema! Unashona nini, na nani?"

Hilo swali la mwisho ndilo lililoniogopesha. Mtu anayeshona hewa, saa ya msiba, bila uzi, anashona na watu wasioonekana. Niliwaona wanawake mlangoni wakirudi nyuma hatua moja. Mmoja alikuwa amembeba binti yangu, naye pia alirudi nyuma.

Ndipo sauti ya mjane ikatoka sebuleni, kavu. "Minye njo nilimutuma."

Shangazi akageuka. "Ulimutuma kushona? Mu kilio?"

"Kitambaa yangu imepasuka pindo. Unataka niende ku makaburi na kitambaa ya kupasuka, bantu bacheke ndugu yako?"

"Uzi iko wapi?"

"Uzi iliisha. Kama uko na uzi, leta. Kama hauna, kaa chini, tulie."

Mwanamke mmoja alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kilio kwa ustadi mkubwa, na wengine wakamfuata. Mtoto wa jirani akatumwa uzi. Basi jioni yote ile nilishona pindo za vitambaa vyeusi vya ukoo mzima, kwa sababu uongo ukishasemwa lazima ufanyiwe kazi. Kitambaa cha shangazi kilikwenda upande kidogo. Sikufanya makusudi, au si sana.

Sikufurahi, msidhani. Mjane alikuwa amesema uongo mbele ya maiti ya mumewe, kwa ajili yangu, na sikujua kwa nini. Tulikuwa tukiishi nyumba moja lakini hakuwa mtu wa maneno. Na shangazi alipopokea kitambaa chake alininong'oneza sikioni: "Kisha maziko, tutasema."

Tulizika kesho yake. Jioni ukoo ulikaa sebuleni, na shangazi akasema kama alivyoahidi. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema mimi nimechoka, niende kwetu Kambove nipumzike kwanza, mengine yataongelewa mbele. Mtoto abaki na bibi yake amtulize moyo. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amefika tena kwenye viatu.

"Na minye, nitalala na nani?" akauliza mama mkwe.

Mjane halali peke yake mpaka msiba uvunjwe. Lazima mwanamke mmoja alale ubavuni pake, na huyo haendi popote mpaka siku hiyo. Shangazi alikuwa ameshakunjua blanketi lake.

"Si ni minye?"

"Hapana. Huyu." Na mkono wake ulinielekea mimi.

"Huyu? Huyu hatakuacha ulale, atakupiga mateke!"

"Njo huyu nataka."

Neno la mjane siku ile halikatwi. Shangazi alikunja blanketi lake polepole sana.

Tulilala kwenye godoro, matela kama tunavyoliita kwetu, lililowekwa sakafuni, taa imezimwa, mtoto kati yangu na ukuta. Nilikauka. Nilishika magoti kwa mikono miwili na kuuma shuka, nikijiambia kwamba mama huyu ameniokoa mara mbili, nisimlipe kwa mateke. Siafu walipanda hadi kiunoni. Machozi ya kujizuia yalianza kunitoka.

"Juu ya nini umetulia?" akauliza gizani. Kumbe hakuwa amelala.

"Naogopa kukusumbua, mama."

"Bwana yangu ilikuwa na miguu kama yako. Ilianza kisha tulioana. Bantu bote nilibaambia ni juu ya kazi ya usiku. Haikuwa kazi. Muntu anazunguka inje usiku, banasema ni mulozi, muchawi. Ningesema nini?"

Nilimkumbuka mzee. Miaka yote ile, usiku, yeye akizunguka uwanja na sigara yake, mimi nikizunguka jikoni na kikombe kitupu, tukipishana dirishani. Mimi nilidhani ni mazoea ya mtu aliyefanya zamu za usiku kwenye tanuri. Yeye sijui alidhani nini. Hatukuwahi kuulizana. Mimi ninayeona kifungo uwanjani sikumwona mtu.

"Tangu alikufa sijalala," akasema mama mkwe. "Matela haitikisike. Acha miguu itembee, mutoto yangu."

Niliiachia. Ilikwenda, ikapiga, ikasugua, shuka likatoka lote upande wangu. Baada ya muda pumzi yake ikawa nzito, kisha akaanza kukoroma. Nami, miguu ikiendelea na safari yake, ndipo nilipomlilia baba mkwe wangu.