Usiku Shangazi Aliokataa Kulala Changamwe

Siku moja siisahau, mwanangu, na umenikumbusha wewe mwenyewe uliponieleza safari yako: ndege ya kampuni hii mpaka Nairobi, kisha ndege ya kampuni nyingine, na katikati kijinafasi kidogo tu. Ukaniambia, "Bibi, itatosha." Neno hilo nililisikia nikiwa msichana, na tangu hapo kila anayelitamka namshuku.

Ilikuwa miaka ya arubaini, vita vimekwisha. Nilikuwa nikilelewa Unguja na shangazi yangu Mwanamkuu, kwa kuwa mamangu alikuwa amefariki. Baba alibaki kwetu Changamwe, akaoa mke mwengine, Sidi, mtu wa Rabai. Shangazi alimshuku Sidi hata kabla hajamtia machoni. "Mwanamke aliyeingia nyumba ya marehemu upesi vile," akisema, "chakula chake mimi sili."

Basi ikaja simu kutoka Nairobi. Abdalla, mwana wa pekee wa shangazi, alikuwa amepondwa mguu na lori. Kidonda kimeharibika na madaktari wanataka kuukata mguu, lakini Abdalla amekataa katakata: haguswi mpaka mamake afike. Tajiri wake akatukatia tiketi za ndege, jambo ambalo watu wa kwetu hawakuliota siku hizo. Kampuni moja ingetutoa Unguja mpaka kiwanja cha Port Reitz, Mombasa, karibu na kwetu Changamwe, na nyingine, isiyojuana na ile ya kwanza, ingetupeleka Nairobi.

Karani wa Unguja alikuwa kijana wa tai na mafuta ya nywele. Akatwambia twaweza kuvuka siku ile ile alasiri, tulale Mombasa, na asubuhi tupande ya Nairobi kwa utulivu. Au tuondoke asubuhi hiyo hiyo, tushuke ndege moja na kupanda nyingine.

"Tukilala, tutalala wapi?" akauliza shangazi, ingawa alijua.

"Kwa baba," nikasema.

"Kwa Sidi, wataka kusema." Akamgeukia karani. "Hiyo ya asubuhi, nafasi yatosha?"

"Itatosha, mama."

Na shangazi yangu, aliyemshuku kila siku muuza maziwa wetu wa miaka yote kuwa atia maji, akamwamini kijana yule kwa neno moja!

Asubuhi ndege ya Unguja haikuondoka. Tulikuwa tushaketi, wakatuambia kuna mzungu mmoja yuko njiani, angojewe. Shangazi akaninong'oneza, "Hawa wana jambo lao." Tulipotua Port Reitz jua lilikuwa limepanda. Upande wa pili wa kiwanja tukaiona ndege nyingine, watu wanapanda. Mizigo yetu ilikuwa bado kushushwa, kisha ipelekwe banda la kampuni ya pili, ipimwe tena. Hakuna aliyetuambia hayo.

Mchukuzi mmoja akatujia mbio. "Shikamoo, mama. Nipeni mizigo niikimbize kule. Mutaachwa."

Shangazi akakumbatia furushi lake la nguo. "Wewe mwana wa nani? Nani amekutuma?"

"Sikutumwa, mama. Ndiyo kazi yangu."

"Hapa ndipo watu wanapoibiwa. Toka!"

Tukaibeba wenyewe, tukijikwaa na mabuibui yetu. Hatujafika bandani, ndege ikanguruma na kuondoka.

"Lakini ni ile ndege iliyotuchelewesha!" shangazi akamlilia karani wa pale.

"Ile si yetu, mama," akajibu. "Sisi twajua tu kwamba hamkuja."

Ndege nyingine haikuwapo mpaka baada ya siku kadhaa. Baba, aliyekuja kutusalimia tukipita, akatukuta tumekaa juu ya mizigo. Hakupaza sauti.

"Dada, jana nimekaa barazani mpaka magharibi, nikisema labda utakuja."

"Ndugu yangu, sababu waijua."

"Naijua. Na Sidi aijua. Abdalla ndiye asiyeijua, na yeye ndiye anayekungoja."

Ikabidi tungoje gari la moshi la jioni, na tuingojee jioni hiyo nyumbani kwa baba. Sidi akatuwekea chai. Shangazi akakinusa kikombe chake, kisha, akidhani haonekani, akakibadilisha na changu nilichokwisha kukinywea. Sidi alimwona. Akakitwaa kikombe kile alichokikataa shangazi, akakinywa mpaka mwisho, akarudi jikoni kutufungia chakula cha njiani. Usiku ule, behewani, shangazi alikila kile chakula akilia.

Tulifika Nairobi kesho yake. Daktari akasema kungojea kule kumekiacha kidonda kienee kwenda juu. Jana wangekata chini ya goti. Sasa hapana budi wakate juu yake. Abdalla akamwambia mamake, "Nilijua utakuja tu." Alipona, akaoa, akazaa. Lakini shangazi, kila alipomwona akipanda ngazi, alikuwa akitoka chumbani.

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Shangazi alimshuku mchukuzi aliyetaka kutusaidia, na mwanamke aliyetuwekea chai na kutufungia chakula, akasahau kuishuku saa. Wewe ishuku saa. Tiketi zikiwa za kampuni mbili, ya kwanza ikichelewa ya pili haikujui, wala haikungojei. Jiwekee nafasi ya kungojea mizigo, ya kuipeleka dirisha jingine, na ya kosa la mtu usiyemjua. Na kama mwisho wa safari kuna mgonjwa, harusi au mtihani, vuka siku moja kabla, ulale njiani. Nawe ukilala kwa mtu usiyempenda, mwamkie vizuri, ule anachokupa.

Haya, nenda ukazibadilishe tiketi hizo kabla hawajafunga. Mola akufikishe salama, awaweke hai wanaokungoja, na akupe wepesi wa kwenda na wa kurudi. Amina.