Muuza Asali Aomba Leseni ya Umeme

Juzi, kwenye dirisha la maombi ya leseni hapa Tabora, nilimkuta mama anayetuuzia asali ya Usinge, yule asiyekufungia chupa kabla hajakudondoshea tone kiganjani uonje. Kumbe anafungua kampuni ya kuuza umeme!

"Shikamoo, mama. Mtambo wako wa kufua umeme uko wapi?" aliuliza karani.

"Marahaba. Sina. Nitanunua kwa wanaoufua, niwauzie wenye viwanda."

Karani akalisukuma faili. "Bila mtambo haiwezekani."

Mama akalirudisha kwa kidole kimoja. "Mwanangu, asali yangu unakula miaka yote. Umewahi kuniona na nyuki?"

Foleni nzima tukaangua kicheko. Karani akasoma masharti upya, akagonga muhuri wa kupokea.

Namtakia heri. Ila bidhaa hii mpya asinionjeshe. Kiganja changu nakiweka mfukoni.